Je, Nyoka wa Ardhini Hupanda Juu? Chatu wa Usukumani na Banda Limfaalo

Katika mikoa ya Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita, mtu atajapo ngoma ya chatu hahitaji kutoa maelezo marefu. Baada ya mavuno, aghalabu kuanzia mwezi wa Juni, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza mbina, na chama chenye chatu mkubwa huwa na silaha nzito ya kuvuta watazamaji kutoka upande wa pili. Ujuzi wa kushika nyoka ulikuwa, na kwa kiasi fulani ungali, mikononi mwa chama cha Buyeye, ambacho Hans Cory, aliyekuwa mtumishi wa Serikali ya Tanganyika katika uchunguzi wa mila, alikiandikia makala mwaka 1946. Wanachama wake walikuwa waganga wa kuumwa na nyoka, wakamataji wa nyoka na wachezaji kwa wakati mmoja. Wasukuma walipohamia kwa wingi katika nchi ya Wazinza, ndiyo Geita ya leo, ngoma nayo ilihama pamoja nao, na siku hizi huchezwa hata kando ya vijiji vya wachimbaji wa dhahabu.

Mengi yameandikwa juu ya ngoma yenyewe. Makala hii yahusu jambo ambalo mtazamaji halioni: ngoma ikiisha, chatu huenda wapi? Jibu, kwa mara nyingi, ni sandukuni. Ni sanduku la mbao, pengine lenye tundu chache za hewa, lenye urefu wa meta moja au pungufu, na ndani yake hukunjwa mnyama mwenye urefu wa meta tatu. Ukimwuliza mwenyewe kama sanduku si dogo, atakujibu kwa utulivu kwamba chatu ni nyoka wa chini, hupenda shimo, hupenda kujikunja, na wala hana haja ya nafasi ya juu.

Jibu hilo si la Usukumani peke yake. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliona maduka na nyumba ambamo nyoka wa kufugwa waliwekwa katika droo za plastiki zilizopangwa kama makabati ya ofisi, na hoja ilikuwa ile ile: huyu ni nyoka wa ardhini, mpe mahali pa kujificha, dari haina maana kwake. Watu wawili wasiojuana, mmoja wa Kahama na mwingine wa Ulaya, wakitoa hoja moja, yafaa mwanasayansi aichunguze. Ama wameona ukweli mmoja, ama wamekosea kwa namna moja.

Tuanze na neno lenyewe. Tunapomwita nyoka "wa ardhini" huwa tumeeleza mahali anapoonekana mara nyingi, si yale yote awezayo kufanya. Binadamu ni mnyama wa ardhini, na hata hivyo hakuna mtoto wa Shinyanga asiyejua kupanda mwembe. Hebu tuwaangalie nyoka kadhaa wa ukanda huu mmoja baada ya mwingine.

Bafe, ambaye wengine humwita kifutu au moma, ndiye wa ardhini kuliko wote. Mwili wake ni mfupi na mnene, kichwa kipana, na mwendo wake wa kawaida ni wa kunyooka kama kiwavi: ngozi ya tumbo husogezwa mbele, magamba mapana hukamata ardhi, kisha mwili wote huvutwa kuifuata ngozi. Mwendo huo ni mzuri kwa kunyatia, lakini haumsaidii ukutani. Hata hivyo waangalizi wa nyoka wa Afrika Mashariki wameandika kwamba bafe hupanda vichaka vifupi mara mojamoja ili aote jua.

Nyoka wa nyumba, wa jenasi ya Boaedon, ana rangi ya kahawia na mistari myeupe miwili kila upande wa kichwa. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Vitabu humweka miongoni mwa nyoka wa ardhini, na hakika usiku hutambaa chini akitafuta panya. Lakini yeyote aliyelala katika bweni lenye dari ya mbao amewahi kusikia habari za nyoka juu ya kenchi, na mara nyingi huwa ni huyu, amefuata panya na mijusi. Ukuta wa tofali usiopigwa plasta ni ngazi kwake.

Nyoka mla mayai, Dasypeltis scabra, hushinda chini ya mawe na magogo, na majira ya ndege kutaga yafikapo hupanda mpaka kwenye viota. Kwake kupanda ndiyo riziki. Kwa upande mwingine yuko boa wa mchanga, ambaye makao yake yanaanzia Misri hata kaskazini ya Tanzania, na ambaye anafugwa sana Ulaya na Marekani. Huyu huzama mchangani na kuacha macho tu juu. Mkia wake ni mfupi kama kidole kilichokatwa, haufai kushikia tawi. Hapa hoja ya wafugaji ina nguvu: kina cha mchanga ni bora kwake kuliko kimo cha dari. Nao koboko, ambaye Waingereza walimwita mamba mweusi, hukaa katika vichuguu na mapango ya mawe, na hupanda mti kwa wepesi kama aliyezaliwa huko.

Tumfikie chatu. Chatu wa nchi hii ni wa miamba, na Usukuma ni nchi ya miamba: mawe makubwa ya matale yaliyorundikana juu ya tambarare, yenye nyufa na mapango. Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, chatoa picha nzuri ya makao hayo ndani ya mji wa Mwanza wenyewe. Chatu hupenda maji, hujilaza majini akibakiza pua. Hujificha katika mashimo ya muhanga na nungunungu. Haya yote ni ya chini. Lakini chatu mchanga, aliyetoka katika yai akiwa na urefu wa sentimeta 60 hivi, hupanda miti vizuri sana, na hata mkubwa huonekana kwenye matawi manene yaliyoinama juu ya maji. Mkia wake hushika.

Ushahidi mzuri zaidi umetoka kwa ndugu yake mdogo, Python regius, apatikanaye Afrika Magharibi mpaka kaskazini-magharibi ya Uganda. Huyu ndiye chatu anayefugwa kuliko wote duniani, na maelfu kwa maelfu wamesafirishwa kutoka Ghana, Togo na Benin. Kila mwongozo wa wafugaji ulimwita nyoka wa mashimo. Mwaka 1998 Luca Luiselli na Francesco Angelici walichapisha uchunguzi wao wa kusini-mashariki ya Nigeria. Katika matumbo ya chatu wadogo na ya madume walikuta ndege kwa wingi. Katika matumbo ya majike na ya wakubwa, wanyama wanyonyeshao. Madume, ambao ni wembamba zaidi, walionekana mitini mara nyingi kuliko majike. Kwa hiyo spishi moja yaweza kuwa ya juu na ya chini kwa pamoja, kufuatana na jinsia, umri na ukubwa. Aliyemwona jike mzima shimoni akasema "chatu hapandi" alisema kweli juu ya jike yule tu.

Kwa nini ukubwa ulete tofauti? Hapa mwalimu wa hisabati anaweza kumsaidia mwalimu wa elimuviumbe. Chukua chatu mchanga mwenye urefu wa sentimeta 60 na uzito wa gramu 100. Mkuze mara tano bila kubadili umbo lake; atakuwa na meta 3. Uzito hufuata mchemraba wa urefu, yaani 5 × 5 × 5, nao ni mara 125: gramu 12,500, au kilo 12 na nusu, ambao kwa kweli ndio uzito wa karibu wa chatu wa urefu huo. Lakini nguvu ya msuli hufuata eneo la mkato wake, si ujazo, na eneo hufuata mraba: 5 × 5, mara 25. Uzito umeongezeka mara 125 na nguvu mara 25. Kila kilo ya mwili sasa inabebwa na sehemu moja ya tano ya nguvu ya utotoni. Chatu hasahau kupanda akikua. Kupanda kunamgharimu zaidi.

Nyoka hana mikono, na hivyo kupanda kwake ni suala la msuguano. Juu ya shina hutumia mwendo ambao tungeuita wa kinanda cha mkono: sehemu ya nyuma hujizungusha na kubana, ya mbele hunyooshwa na kubana mahali papya, kisha ya nyuma huachia na kuvutwa. Mwendo huu ni wa polepole na hutumia nguvu nyingi. Greg Byrnes na Bruce Jayne, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2014, waliwapandisha nyoka juu ya nguzo yenye vipima kani, wakaona kwamba nyoka hubana zaidi kuliko inavyohitajika ili asiteleze. Kwa lugha nyingine, nyoka anaogopa kuanguka, na hulipia usalama wake kwa jasho, ingawa hana jasho. Nyoka wa miti halisi ana mwili mwembamba uliobanwa ubavuni, na kano ndefu zinazounganisha pingili nyingi za uti wa mgongo, hata aweza kunyoosha karibu nusu ya mwili hewani kuvuka kutoka tawi hadi tawi. Chatu na bafe, wenye misuli iliyopangwa kwa kubana windo au kwa kushambulia ghafla, hawawezi kunyoosha namna hiyo.

Liko jambo jingine ambalo wanafunzi wachache hulifikiria, nalo ni damu. Nyoka aliyelala chini ni kama bomba lililolazwa. Kanieneo ya damu ni karibu sawa kichwani na mkiani. Akisimama wima, anakuwa safu ya maji. Safu ya damu yenye kimo cha meta moja huleta kanieneo ya takriban paskali 10,400, ambayo ni milimeta 78 za zebaki. Chukua chatu wetu wa meta 3, ambaye moyo wake, tuseme, uko robo ya urefu kutoka kichwani. Akininginia wima kichwa kikiwa juu, moyo utapaswa kuisukuma damu juu sentimeta 75, yaani kushinda milimeta 58 za zebaki kabla ubongo haujapata tone. Chini ya moyo kuna meta 2 na robo, zinazoleta milimeta 175, nayo hupita kanieneo ya juu ya mtu mzima mwenye afya, ambayo ni 120. Damu hujaa mkiani na kuvimbisha mishipa, na kichwa hubaki kikavu.

Mwaka 1976 Roger Seymour na Harvey Lillywhite walionyesha kwamba kanieneo ya damu ya nyoka hufuata makao yake: nyoka wa miti wana kubwa, wa majini wana ndogo, wa ardhini wako katikati. Nyoka wa miti ana pia ngozi na misuli iliyokaza mkiani, inayozuia damu isitue huko. Nyoka wa majini akiinuliwa wima nje ya maji, damu ya kichwani hupungua upesi. Kuhusu mahali pa moyo mjadala uliendelea: ilidhaniwa kwamba moyo wa nyoka wa miti uko karibu na kichwa kwa sababu ya uzani wa damu tu, lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ukoo wa nyoka una sehemu kubwa katika jambo hilo. Mimi naona mjadala huu ni mfano mzuri wa kuwafundisha wanafunzi kwamba wazo zuri halitoshi bila kulinganisha jamaa na jamaa.

Darasani jambo hili laweza kuonekana bila nyoka yeyote. Twaa mpira wa ndani wa baiskeli uliochakaa, ukate upate bomba moja refu, funga mwisho mmoja barabara, jaza maji pasipo kubakiza hewa, funga mwisho wa pili. Ulaze mezani: unene wake ni mmoja kote. Uinue wima: sehemu ya chini itavimba, ya juu itanywea. Kisha vika nusu ya chini mfuko wa kitambaa kigumu ulioshonwa kwa kubana, uinue tena. Uvimbe umezuiwa, na maji yamebaki juu. Mpira ulio uchi ni bafe. Mpira uliovikwa ni nyoka wa miti. Marubani wa ndege za kivita huvaa suruali zinazobana miguu kwa sababu hiyo hiyo.

Yanatokea mambo mawili katika hesabu hizi, na mfugaji akiyashika yatamwongoza kuliko amri za vitabuni. Kwanza, chatu hupanda, naye hupanda zaidi akiwa mdogo. Kwa hiyo kumnyima kabisa mahali pa kupanda ni kumnyima sehemu ya maisha yake. Pili, chatu mkubwa hapaswi kulazimishwa kuishi wima, wala kuwekwa mahali ambapo kuanguka ni kutoka juu sana. Mnyama wa kilo 12 akianguka kutoka meta 3 juu ya saruji aweza kuvunjika mbavu.

Basi banda liweje? Urefu wa sakafu ndio kitu cha kwanza. Clifford Warwick na wenzake, katika makala ya mwaka 2019, walieleza walivyowatazama nyoka 65 katika bustani za wanyama kwa saa moja. Zaidi ya thuluthi yao walijinyoosha kabisa au karibu kabisa katika muda huo mfupi. Dai la kwamba nyoka hupenda kujikunja daima linatokana na kuwatazama nyoka ambao hawana pa kujinyoosha. Kwa hiyo banda lisipungue urefu wa nyoka mwenyewe. Kwa chatu wa meta 3, ningependekeza sakafu ya meta 3 kwa meta 1 na nusu, na kimo cha meta 2, ambacho pia humwezesha mtunzaji kuingia bila kuinama. Mtu aliyeinama mbele ya chatu amejiweka pabaya.

Ndani yake liwekwe gogo au tawi nene, lisilopungua unene wa mwili wa nyoka, likilala kwa mshazari kutoka sakafuni hadi kimo cha meta moja na nusu hivi, na lifungwe kwa boliti wala si kwa kamba. Gome lisitolewe, maana ndilo liletalo msuguano, na ndilo analojikunia wakati wa kujivua ngozi. Rafu pana ya mbao karibu na kimo hicho ni bora zaidi kwa chatu mzee, kwani juu yake hupumzika akiwa amelala, damu ikiwa sawa. Chini liwepo pango la mawe au sanduku. Naam, lile lile sanduku la ngoma laweza kutumika, mlango wake ukiachwa wazi. Beseni la maji liwe kubwa kiasi cha kumtosha kuzama.

Joto ni sura nyingine ya kupanda. Nyoka hutengeneza joto lake kwa kuchagua mahali, kwa hiyo banda liwe na upande wa nyuzi 30 hadi 32 za Sentigredi na upande wa nyuzi 25 hivi. Shinyanga iko karibu meta 1,100 juu ya bahari; mchana humtosha, lakini usiku wa Juni na Julai huwa na baridi, na chatu aliyelishwa akapata baridi hushindwa kusaga chakula, hata kukitapika. Wengine huweka taa ya umeme. Taa hiyo izungushiwe wavu, kwa kuwa "nyoka wa ardhini" huyu ataipanda na kujizungusha juu yake, na nyoka ni mzito wa kuhisi kwamba anaungua. Madonda ya taa ni miongoni mwa majeraha ya kawaida ya chatu wa kufugwa. Hatari iliyo kubwa zaidi Usukumani, hata hivyo, ni bati: sanduku lenye kifuniko cha bati likiachwa juani saa sita mchana laweza kumuua chatu kabla ngoma haijaanza. Wavu wa waya nao haufai kuwa ukuta, maana nyoka huusukuma kwa pua usiku kucha mpaka kinywa kikapata donda. Ubao laini wafaa zaidi, na madirisha ya hewa yawe juu.

Haya nimeyasema kwa ajili ya wale ambao tayari wana chatu kwa kibali. Mwanafunzi asisome makala hii akaenda mlimani na gunia. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata au kuweka mnyamapori bila ruhusa, na chatu wote wamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Chatu wa meta 3 asishikwe na mtu mmoja peke yake, awe mzoefu namna gani. Wawepo wawili, na watoto wasivishwe nyoka shingoni kwa ajili ya picha.

Makao ya asili yenyewe yamebadilika sana, na jambo hilo linahusu kupanda pia. Katika miaka ya ukoloni miti mingi ya Shinyanga ilikatwa ili kuwaondoa mbung'o, na kilimo cha pamba na mifugo vikaendeleza kazi hiyo, hata sehemu kubwa ikabaki tupu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua desturi ya ngitili, yaani malisho yaliyofungwa kwa muda, na migunga ikarudi katika maeneo mengi. Ngitili si majani tu. Ni matawi, viota, panya na ndege, na chatu mchanga huhitaji vyote hivyo.

Upande wa Geita kuna matokeo mengine. Watafiti wa reptilia hukamata nyoka kwa kuzika ndoo ardhini na kuweka ua mfupi wa plastiki unaowaelekeza humo. Nyoka asiyejua kupanda ukuta laini hubaki ndani. Mchimbaji wa dhahabu, bila kukusudia, ametega mtego kama huo kwa ukubwa wa kutisha. Duara lililochimbwa wima na kuachwa ni ndoo yenye kina cha nyumba kadhaa. Likiwa na matimba, yaani magogo yaliyopangwa ukutani, nyoka mwembamba ana ngazi: koboko na nyoka wa nyumba wataingia na kutoka. Bafe akianguka humo hana njia, naye aweza kuishi miezi mingi bila kula. Kwa hesabu zilizotangulia, basi, nyoka wa kutarajiwa chini ya duara la zamani ni bafe, na yule wa kutarajiwa nyuma ya gogo kwenye usawa wa kifua ni wa jamii ya wapandaji. Kabla ya kushuka yafaa kumulika pande zote mbili, chini na ubavuni, na mkono usitangulie pale jicho halijafika.

Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kukata damu. Kiungo kitulizwe kwa kipande cha mti, mgonjwa alazwe, apelekwe hospitali upesi. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017, na hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo.

Kuta nazo zina somo lake. Wengi hudhani ukuta wa meta moja humzuia chatu. Nyoka mzito aweza kuinua hewani kama thuluthi ya mwili wake bila kushikilia kitu, na akipata kona ya kuta mbili hubana pande zote na kuongeza. Kwa chatu wa meta 3, ukuta wa meta moja ni kizingiti tu. Wala ulaini hautoshi: mwaka 2021 watafiti walieleza jinsi nyoka wa miti wa kahawia, katika kisiwa cha Guam, alivyopanda bomba nene lililowekwa kulinda viota, kwa kujifunga kitanzi kama mkwezi wa mnazi afungavyo kamba. Ukuta wa banda uwe na plasta, pembe zake ziviringwe, na juu ufunikwe. Na ukuta wa bweni uzibwe nyufa pale kenchi zinapokutana na tofali, matawi yanayogusa paa yakatwe.

Shule inayotaka kufanya uchunguzi wake yenyewe haina haja ya kugusa nyoka aliye hai. Nyoka hujivua ngozi mara kadhaa kwa mwaka na huiacha alipopitia. Wanafunzi wakusanye ngozi hizo, wakihakikisha kwanza kwa fimbo kwamba mwenyewe hayupo, na kila moja waiandikie tarehe, mahali na kimo kutoka ardhini kwa sentimeta: chini ya jiwe, juu ya kenchi, katika uma wa mgunga. Kisha wahesabu safu za magamba katikati ya mwili. Chatu ana safu zaidi ya 70. Nyoka wa nyumba hazifiki 40, na magamba yake ni laini. Ya bafe yana tuta katikati ya kila gamba, lionekanalo hata kwa jicho tupu ngozi ikishikwa dhidi ya mwanga. Vimo hivyo vikichorwa katika grafu, safu moja kwa kila spishi, itaonekana ni nyoka gani wa kijiji hicho anayestahili kuitwa wa ardhini.